Mdokozi Ndani ya Hedfoni

Haraka haraka ina baraka zake, na mwenda pole hujikwaa. Asiyeamini na aende Malindi, mtaa wa Shella, akavae hedfoni za Rufaida aimbe japo ubeti mmoja. Atajikwaa kwa sauti yake mwenyewe, na akiinuka atadhani ulimi wake umekodishwa kwa mtu mwingine.

Rufaida alikuwa na studio. Studio yenyewe ilikuwa chumba cha uani nyumbani kwa mamake, kuta zote zimefunikwa magodoro ya zamani ili mlio wa pikipiki usipenye. Godoro la upande wa dirishani lilikuwa la mjomba wake alipokuwa mdogo, na siku za joto lilitoa ushahidi wa utoto huo. Humo mlikuwa na kompyuta, kadi ya sauti yenye vifundo, maikrofoni mbili, na feni iliyozimwa kila mtu alipoanza kuimba, ndiyo maana waimbaji wake wote walitoka wamelowa kama waliotoka kuoga.

Zaidi ya hivyo, Rufaida alikuwa na madoido. Madoido ndilo jina alilovipa vile vikorombwezo vya ndani ya kompyuta vinavyoipamba sauti: mwangwi wa ukumbi, mwangwi wa pango, kinyoosha sauti kwa wasiojua kushika tuni, kinenepesha sauti kwa wenye vifua vyembamba. Wenzake wa chuoni walivitaja kwa Kiingereza wakijiona wamefika. Yeye alisema mwenye neno lake haendi kuazima kwa jirani. Alivipenda kupita kiasi. Alikuwa kama mpishi asiyeweza kuchemsha yai bila kulitia iliki.

Asubuhi hiyo mgeni wake alikuwa nyanya yake, Bi Shekha wa Mambrui, mwimbishaji wa vugo. Kwenye vugo wanawake hugonga pembe za nyati kwa vijiti, mmoja akatoa ubeti, wengine wakaitikia. Anayetoa ndiye mwenye pembe kubwa, na Bi Shekha aliishika pembe hiyo tangu mamake Rufaida alipokuwa anasukwa mikia miwili. Lakini siku hizi maneno yalikuwa yameanza kupita vibarazani. Bi Shekha amekuwa mzito. Bi Shekha anaikawiza ngoma. Bi Shekha anauburura ubeti kama gunia la chumvi.

Bi Lubna, mwenyekiti wa kikundi, hakuwa mtu wa kupitisha maneno kibarazani. Alimwendea nyumbani.

"Shoga," alimwambia, "harusi ya Hadiya ndiyo mizani. Ukienda sawa na pembe, pembe ni yako. Ukichelewa, tutampa Bi Harusi."

Bi Harusi alikuwa mwanakikundi mwenzao, aliyeitwa hivyo kwa sababu alizaliwa siku mjomba wake alipooa, na watu hawakuwa na nafasi ya kumfikiria jina jingine. Alisoma chuo kimoja cha Kurani na Bi Shekha, akakaa mkeka mmoja naye, na tangu wakati huo hawakuwahi kukubaliana hata juu ya saa. Sauti yake ilitokea puani, nyembamba, kama filimbi iliyozibwa na mahindi. Pembe kubwa aliitaka, ila aliitaka kimyakimya, akila.

Hadiya, mwali mwenyewe, alikuwa ameomba jambo la kisasa: wimbo wa vugo wa upande wao urekodiwe, utiwe ngurumo kidogo ya besi, kisha upigwe kwenye spika wakati yeye anaingia ukumbini. Ndivyo kikundi kizima kilivyojikuta sebuleni kwa mamake Rufaida, na sahani za sambusa na mahamri mbele yao.

Waitikiaji walirekodiwa kwanza, hapo hapo sebuleni. Bi Lubna alihesabu kwa kijiti, pembe zikalia, wakaimba kiitikio chao mara kadhaa, wakamaliza, wakarudi kwenye sambusa. Maikrofoni ya sebuleni ikabaki imesimama kwenye mguu wake, hakuna aliyeijali. Bi Shekha akaingizwa peke yake katika chumba cha magodoro, mlango ukafungwa, akavishwa hedfoni juu ya mtandio.

"Utasikia pembe humu masikioni, Nyanya, na utajisikia mwenyewe. Wewe imba tu."

"Nimeimba kabla hujakuwa na masikio," alijibu Bi Shekha. "Bonyeza."

Rufaida akabonyeza. Kwa kumpenda nyanya yake, alikuwa amemtilia madoido yote aliyokuwa nayo.

Tatizo la madoido ni kwamba yanataka muda. Sauti ilitoka mdomoni mwa Bi Shekha, ikaingia maikrofoni, ikapanda waya, ikafika kwenye kompyuta, na huko ikapangishwa foleni: inyooshwe, inenepeshwe, ipelekwe pangoni, irudishwe kutoka pangoni, ndipo iruhusiwe kwenda masikioni mwa mwenyewe. Ilipofika ilikuwa imepambwa vizuri sana, lakini imechelewa. Si kuchelewa kwingi. Kope haifungi ikafunguka. Lakini Bi Shekha alisema "njo", akasikia kimya, kisha akasikia "njo", akaona amejitangulia, akajingoja. Alipojingoja, ile sauti nayo ikachelewa zaidi nyuma yake, naye akaingoja tena. Pembe za waitikiaji zilikwenda zao. Kufikia ubeti wa tatu, wimbo wa kumpokea mwali ulikuwa wimbo wa kumsindikiza marehemu.

"Nyanya, simama kidogo," alisema Rufaida.

"Ru-fa-i-i-da," alisema Bi Shekha, maana hedfoni zilikuwa bado masikioni na maikrofoni ilikuwa bado wazi, "mbo-na u-li-mi wa-ngu m-mzi-to-o?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Bi Lubna alisimama pale na kikombe mkononi, akamtazama Bi Shekha kama anayetazama ajali.

"Amekunywa nini huyu?"

"Chai," alisema Rufaida.

"Chai ya wapi?"

"Ya hapa hapa, uliyokunywa wewe."

"Mimi sisemi hivyo. Hivyo husema watu waliotoka Kaloleni na kibuyu cha pombe ya mnazi." Akageuka sebuleni. "Bi Harusi, njoo usikie."

Bi Harusi akaja, shavu moja limejaa. Rufaida, kwa bahati mbaya, alikuwa amesahau kuzima spika za mezani, na zile spika zikawa zinarudia ubeti wa tatu, polepole, na mwangwi wa pango.

"Maskini," alisema Bi Harusi baada ya kumeza. "Si neno, Shekha. Tutakupa pembe ndogo ya kukaa nayo."

"Ni mashine," alisema Rufaida haraka. "Si yeye. Mashine inamrudishia sauti imechelewa."

"Mashine haina umri, mwanangu," alisema Bi Lubna. "Nyanyako anao. Nampa nafasi moja tu, kwa heshima. Nami sitaisikiliza humu kwenye magodoro. Nitaisikia ukumbini, mbele ya watu, nimkate pembe au nimwachie."

Wakaondoka, mlango ukafungwa. Bi Shekha alivua hedfoni, akaziweka mapajani, akazitazama.

"Rufaida, niambie kweli. Nimezeeka?"

"Umezeeka, Nyanya. Lakini hujachelewa."

"Basi tafuta aliyechelewa."

Rufaida akatoka uani, akampigia Tevin. Tevin alisoma naye diploma, kwao Kaloleni, na sasa alikuwa na studio Kilifi karibu na soko. Alikuwa kijana mwerevu mwenye tabia moja mbaya: alijua kwamba ni mwerevu.

"Mwalimu wa Kiswahili," alipokea. "Leo umekwama wapi?"

"Sauti inarudi imechelewa."

"Umeweka madoido mangapi kwenye njia ya kurekodia?"

"Machache."

"Yataje."

Akayataja. Alipofika kwa mwangwi wa pango, Tevin alicheka mpaka simu ikakoroma.

"Dada, huyo ni nyanyako au ni popo? Toa yote. Madoido utamtia baadaye, wimbo ukishalala kwenye kompyuta. Huko hata yakichelewa nani atajua? Bafa yako je, umeiweka kubwa?"

"Kubwa. Nikiipunguza sauti inakwaruza."

"Sikiliza. Bafa ni mtungi. Kompyuta ni yule bwana wa mkokoteni wa maji. Hakuletei tone kwa tone, anangoja mtungi ujae ndipo aje. Mtungi mkubwa, anatembea raha mustarehe, hamwagi kitu, lakini wewe una kiu mpaka afike. Mtungi mdogo, anafika upesi, ila anakimbia kutwa, na akichoka anamwaga. Huko kukwaruza ni maji yanamwagika. Sasa wewe umempa mtungi mkubwa, halafu njiani umemwambia apige pasi, asuke ukili na apitie pangoni. Atafika lini?"

"Nimekuelewa. Nipunguze mtungi, nitoe mizigo."

"Na zaidi, kadi yako ina kifundo cha kumsikilizisha mtu sauti yake moja kwa moja, kabla haijaingia kwenye kompyuta. Hiyo haichelewi kabisa. Kifungue. Lakini ukikifungua, kumbuka..."

"Nimekumbuka, kipo, nakijua kilipo," alisema Rufaida. "Allah akuzidishie, Tevin." Akakata.

Alichotaka kusema Tevin ni kwamba akifungua kifundo hicho, lazima aizime ile sauti nyingine inayorudi kutoka kwenye kompyuta, la sivyo mwimbaji atasikia watu wawili. Alikisema chote, Kilifi, kwa simu iliyokwisha kukatika.

Rufaida akarudi chumbani na furaha ya mtu aliyepona. Akapunguza bafa. Akatoa pango, akatoa ukumbi, akatoa kinenepesha sauti, moja moja, kwa uchungu, kama anayevua bangili. Kinyoosha sauti akakiacha. Alijiambia kimoja hakina neno. Kisha akafungua kifundo.

"Sasa, Nyanya."

Bi Shekha akavaa hedfoni, akagonga pembe mara mbili, akaanza. Na mara hii sauti yake ilimfikia papo hapo, safi, ya kwake. Uso wake ukafunguka. Akatoa mstari wa kwanza kwa raha, akatoa wa pili, akanyamaza ghafla katikati ya wa tatu.

"Nani ameshika ile maiki ya sebuleni?"

"Hakuna mtu, Nyanya."

"Yupo. Ananidokoa."

Kudokoa ni kutia kidole kwenye chungu cha mwenzio kabla hajapakua. Katika vugo la akina Bi Shekha neno hili lilikuwa na uzito wake. Mwitikiaji hungoja neno la mwimbishaji liguse chini ndipo alipokee. Anayelinyakua likiwa bado hewani anatangaza mbele ya watu kwamba mwenye pembe hafai, na kwamba yeye angelisema vizuri zaidi. Palikuwa na madada wawili Mambrui walioacha kusalimiana kwa kudokoana kwenye harusi moja. Mmoja alipougua, mwenziwe alimpelekea uji kwa mkono wa mtu.

Rufaida akafungua mlango, akachungulia sebuleni. Maikrofoni ilisimama peke yake. Bi Harusi alikuwa upande wa pili wa chumba, sahani mapajani, mashavu mawili yamejaa.

"Nyanya, Bi Harusi anakula."

"Anaweza yote mawili. Namjua tangu chuoni."

"Ni sauti yako mwenyewe, inarudi mara mbili. Ngoja nitazame..."

"Sauti yangu haitoki puani."

Hapo alikuwa na haki. Kinyoosha sauti, kilichoachwa peke yake bila kinenepesha sauti wala mwangwi wa kukifichia aibu, kilikuwa kimeichonga ile sauti inayorudi mpaka ikawa nyembamba, kavu, ya puani. Nusu ya nusu ya pumzi baada ya kila neno la Bi Shekha, neno lile lile lilikuja nyuma yake kwa sauti ya Bi Harusi.

"Bonyeza hicho chako unachobonyeza," alisema Bi Shekha. Macho yake yalikuwa yamebadilika rangi. "Nina neno naye."

"Nyanya, subiri nizime..."

"Bonyeza."

Mtu aliyelelewa Malindi haambiwi hivyo mara mbili na nyanya yake. Rufaida akabonyeza. Bi Shekha akaisukuma hedfoni ya kushoto nyuma ya sikio, sikio moja ndani na moja nje, ili amsikie mwizi kwa upande mmoja na ajisikie mwenyewe kwa upande wa pili. Akagonga pembe. Na kwa hasira iliyotunzwa tangu mkeka wa chuoni, akatoa ubeti ambao haukuwa umeandikwa popote:

*Bi Harusi ni kasuku, kazi yake kudokoa,*
*hungoja nipike wali, nyama akaichopoa;*
*ole wake mwenye nyumba, kitu hakitamwokoa.*

Rufaida hakusikia neno hata moja. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, kwenye mistari miwili, wa pembe juu na wa sauti chini. Kila pembe ilipoinua kilima, sauti iliinua chake chini yake, kilima kwa kilima, vimepangana kama meno ya kitana. Hapakuwa na kuchelewa. Hapakuwa na kuburura. Bi Shekha aliimba kama anayeteremka ngazi akikimbia na asikose hata moja, na alipomaliza alivua hedfoni akasema, "Haya. Amenyamaza."

"Nyanya," alisema Rufaida, "hii ndiyo yenyewe."

Siku zilizofuata aliupika wimbo huo kwa subira, akiitanguliza ile mistari miwili ya raha aliyoanza nayo nyanya yake. Sasa hapakuwa na masikio ya kungojewa, kwa hiyo aliurudisha mwangwi wa ukumbi, akaurudisha ule wa pango kidogo, akatia ngurumo aliyoombwa, akaongeza mtungi mpaka mwisho ili kompyuta itembee taratibu. Aliusikiliza mara zisizo na idadi. Alisikiliza iwapo sauti imeiwahi pembe, iwapo mwangwi unameza herufi, iwapo chini pana uvumi wa feni. Na maneno, kama yaliwahi kupita masikioni mwake, yalipita kama maneno ya mtu aliyekuwepo wakati wa ugomvi: kwake Bi Harusi alikuwa Bi Harusi, bibi wa Mambrui mwenye sambusa shavuni. Kwenye karatasi jina la mtu lina herufi kubwa. Kwenye spika herufi kubwa haisikiki.

Siku ya harusi, alasiri, ukumbi wa Mambrui ulijaa wanawake mpaka milangoni. Upande mmoja walikaa watu wa Hadiya. Upande wa pili walikaa mashangazi wa bwana harusi, Ubaid, waliotoka Faza kwa kazi hiyo tu, wanawake watano wenye macho makali na ndimi zilizonolewa kisiwani. Bi Lubna alikaa mbele kabisa, mkono umeshika tama, sikio limeelekea spika. Bi Shekha alikaa na pembe kubwa mapajani, mgongo umenyooka. Bi Harusi alikuwa meza ya tatu, na sahani.

Rufaida, kwenye meza ya mitambo, alipewa ishara. Milango ikafunguliwa, Hadiya akasimama kizingitini, hina mpaka viwikoni, macho chini kama alivyofunzwa. Wimbo ukaanza.

Pembe zilivuma kutoka spikani, kiitikio kikapanda, vigelegele vikajibu. Bi Lubna alianza kugonga paja kwa kidole. Kidole kilikwenda sawasawa na sauti ya Bi Shekha, na taratibu sura ya mwenyekiti ikalainika. Hadiya akapiga hatua ya kwanza, ya pili. Alipofika katikati ya ukumbi, mbele ya mashangazi watano wa Faza, sauti ya Bi Shekha ikatangaza, kwa mwangwi wa pango na ngurumo ya kisasa:

*Bi Harusi ni kasuku, kazi yake kudokoa...*

Hadiya alisimama. Hakuinua macho, ila aliyafumbua kwa upana mkubwa, yakitazama viatu vyake.

*...ole wake mwenye nyumba, kitu hakitamwokoa.*

"Kitu hakitamwokoa," lilirudia pango.

Mamake Ubaid, ambaye ndiye mwenye nyumba atakayempokea Hadiya, aligeuza shingo polepole. Shangazi mmoja wa Faza alimwambia mwenziwe, kwa sauti ya watu wote, "Hawa wenzetu ni wakweli. Sisi huficha mpaka nikaha ipite."

"Anadokoa nyama," alisema mwenziwe. "Mwambie Ubaid afunge kabati."

Mamake Hadiya alikuwa amekwisha kusimama na kiatu kimoja mkononi, akiitafuta meza ya mitambo. Rufaida alitafuta kitufe cha kuzima, akabonyeza kile cha kurudia, na ukumbi ukaambiwa upya kwamba bi harusi ni kasuku. Ndipo akachomoa waya.

Sauti moja ya puani ikasikika meza ya tatu.

"Hapana," alisema Bi Harusi, akiweka sambusa chini. "Kasuku si huyu mtoto. Huyo ni mimi."

Watu wote wakamgeukia Bi Shekha. Bi Lubna alimtazama pia, na katika macho yake hapakuwa na msaada, palikuwa na mizani. Wimbo wa spikani umekwisha; mwenye pembe ni nani?

Bi Shekha akainuka. Hapakuwa na hedfoni, wala waya, wala mtungi. Aligonga pembe mara moja, na wanawake wa Mambrui, kwa mazoea yaliyozidi akili, wakainua zao.

*Kasuku si mwenye hina, wala pete kidoleni,*
*kasuku ni wa Mambrui, na sambusa zi mezani,*
*tatu ziko sahanini, na ya nne mdomoni.*

Ukumbi mzima ukaitazama sahani. Zilikuwa tatu. Kelele iliyozuka ilianzia kwa mashangazi wa Faza na kumalizikia barabarani. Hadiya alijifunika uso kwa viganja vyenye hina, mabega yakimtikisika, na ilichukua muda kujulikana kwamba anacheka. Mamake akavaa kiatu.

Pembe hazikunyamaza. Bi Harusi alisimama pale pale, akapangusa vidole, kimoja baada ya kingine, kwa kitambaa, akangoja. Alingoja neno la mwisho la Bi Shekha liguse chini, litulie, mtu yeyote asije akasema amelidaka hewani. Kisha akajibu kwa filimbi yake:

*Nimekudokoa kweli, utamu sikuupata,*
*chungu chako chumvi tele, hata paka anasita.*

Wakaendelea hivyo, ubeti kwa ubeti, mpaka kadhi alipotuma mtu kuuliza kama kuna ugomvi. Mashangazi wa Faza walijaribu kuingia kati mara mbili na mara mbili wakarudishwa kwenye viti vyao kwa mstari mmoja. Na katika muda huo wote Bi Shekha hakuikosa pembe hata mara moja. Rufaida, aliyezoea kuyaona hayo kwenye kioo, aliyasikia tu, akashangaa masikio yalivyokuwa hodari.

Walipomaliza na Hadiya akaketishwa salama, kikundi kilikusanyika nyuma ya pazia la jukwaa. Bi Lubna alisema bila kuzunguka.

"Pembe ni yako, Shekha. Hujachelewa popote, spikani wala ukumbini. Nimesema na nimefunga. Limebaki jambo moja. Mwombe radhi Bi Harusi."

"Yupi?" aliuliza mtu.

"Mimi," alisema Bi Harusi. "Yule mwingine amecheka, mimi sijacheka. Siku ile nilikuwa nakula sambusa yangu kwa amani, na sikumdokoa mtu. Muulizeni mjukuu wake."

Macho yakahamia kwa Rufaida. Akaeleza, na mara hii hakuharakisha: kwamba kifundo kilifunguliwa na sauti ya pili haikuzimwa, kwamba Bi Shekha alijisikia mara mbili, mara moja safi na mara ya pili imechelewa, imechongwa na kinyoosha sauti mpaka ikatoka puani. Kwamba mle hedfoni hamkuwa na mtu mwingine.

Bi Shekha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo aliyenidokoa ni mimi."

"Ni wewe, Nyanya. Na kosa la kuiacha sauti ya pili ni langu."

"Kosa lako utalijua na mamake Hadiya, amesema atakuja kwako na kile kiatu." Akamgeukia Bi Harusi. "Umeniambia nina chumvi tele mbele ya watu wa Faza?"

"Nimekuambia."

"Na paka?"

"Na paka."

"Lubna. Ubeti wangu ule wa kasuku, ulikuwa mbaya?"

Bi Lubna alisita. "Ulikuwa mzuri. Ndiyo taabu yake."

Bi Shekha akaihamisha pembe kubwa kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akaupitisha mkono uliobaki mtupu juu ya mtandio wake, akauweka sawa.

"Basi siombi," alisema. "Si kwa Bi Harusi huyu, si kwa yule mwenye hina, wala kwa hiyo kompyuta. Siombi radhi leo, na kesho msije nyumbani kuningoja, kwa sababu kesho pia siombi."